Milimita Tisa Upande wa Kulia

Tarehe 4 Agosti

Mdogo wangu Koili,

Vuta kiti kwanza, ukae. Umekaa? Haya. Springi zako zinapanda.

Umesoma sawasawa, usifute miwani. Miaka arobaini na moja nimelala chini ya malori ya watu. Nimeona springi zilizokatika, zilizolegea, zilizoliwa na kutu mpaka ukizigusa zinamong'onyoka kama biskuti. Springi inayoinuka yenyewe na kulibeba gari juu kuliko ulivyoiacha, hiyo sijaiona wala sijasimuliwa. Nimeduwaa.

Mwezi wa pili nilipozifunga zile mbili ulizonikunjia huko kiwandani kwenu, pua ya gari ilitulia kama maji kwenye beseni. Kutoka sakafuni hadi ukingo wa madigadi, kushoto milimita mia sita na arobaini, kulia mia sita na arobaini. Nilikuandikia, ukajisifu kurasa mbili. Mwezi wa tano nikapima: kushoto arobaini, kulia arobaini na nne. Nikadhani ni macho. Nikarudia, si bure madereva waliniita Pima Tena. Arobaini na nne ileile! Sikukuambia, maana niliona aibu kwa niaba yako. Nikaitoa ile ya kulia, nikaikata kidogo kwa grenda, nikarudisha. Gari likakaa sawa. Jana nimepima nikabaki mdomo wazi. Kulia imepanda tena, safari hii milimita tano.

Na gari lenyewe limekwisha, mdogo wangu. Bodi ya faiba imepigwa rangi ya mwisho, kijani cha chupa. Mtu akiliona atadhani limetoka kiwandani enzi za babu, kumbe chasisi ni ya kigari kilichokufa na mengine yote ni mikono yangu. Tarehe ishirini na nane mwezi ujao mimi na wifi yako tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Siku ya harusi nilimpandisha lori la mchanga. Nimemwahidi kwamba safari hii atapanda gari lake, na sitampandisha gari lililopinda.

Najua utasema nikupigie simu. Masikio yangu yaliuawa na injini zamani, kwa simu nasikia nyuki tu. Andika.

Kaka yako,
Pima Tena


Tarehe 11 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa, na nimesimama, na nimekaa tena.

Chuma hakipandi. Niliowakunjia springi wakija kulalamika wanasema zimelala, na hata hao ni wawili katika miaka kumi na sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia zimeamka. Nimemsomea msimamizi wangu barua yako, akaniomba aishike mwenyewe ahakikishe sijaongeza chumvi.

Sasa nijibu bila maringo. Bolti za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu ulizikaza yakiwa yananing'inia? Ukizikaza hivyo, mpira wa bushi unajikunja na kulisukuma gari juu. Matairi yana upepo sawa? Umebadilisha shokabu? Sakafu ya banda lako ni tambarare, au unapima kwenye mteremko halafu unanisingizia mimi? Na niandikie unavyopima, hatua kwa hatua, kama unamfundisha mtu asiyejua kitu.

Tena nakukataza, kaka, ingawa wewe ni mkubwa wangu. Usikate tena. Springi ukishaikata hairudi. Na usiitoe ukiwa peke yako. Springi iliyobanwa haina undugu na mtu.

Mdogo wako,
Koili


Tarehe 19 Agosti

Koili,

Marahaba. Umenikataza nikiwa nimeshakata. Gari limekaa sawa tena, arobaini kwa arobaini, lakini sioni raha kwa sababu najua litapanda.

Majibu yako haya hapa. Bolti nilizikaza magurudumu yakiwa chini, mimi si mtoto. Upepo uko sawa. Shokabu ni zilezile. Sakafu niliimwagia maji nikaangalia yanakokwenda, hayakwenda kokote.

Kulitokea kamkasa, nakwambia kabla wifi yako hajakwambia kwa vitisho vyake. Wakati naitoa springi, kibanio kiliniponyoka. Mikono siku hizi inatetemeka kidogo, uzee tu. Springi ikaruka, ikapita karibu na sikio, ikatoboa bati la paa. Sasa nina dirisha la juu ambalo sikuliagiza. Wifi yako alipiga ukelele hata mimi nikausikia. Usiogope, mzima niko. Nakula sahani mbili, naongeza ya tatu, wifi yako analalamika kwamba namaliza ghala.

Ninavyopima ni hivi. Nalisukuma gari mbele na nyuma matairi yatulie. Naibonyeza pua mara tatu. Kisha naingia, nakaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedeli, natulia kama napigwa picha. Wifi yako anapiga magoti na tepu, anasoma kushoto, anasoma kulia, anaandika. Gari tupu halisemi kweli, Baba alitufundisha hivyo sote wawili, gari hupimwa mwenyewe akiwa ndani. Hakuna kilichobadilika tangu mwezi wa pili. Kiti kilekile, tepu ileile, mtu yuleyule.

Kwa hiyo kasoro iko kwenye chuma chako. Kubali yaishe.

Pima Tena


Tarehe 26 Agosti

Wifi yangu mpenzi,

Barua hii nimeishonea ndani ya foronya niliyokutumia, ili kaka asiione. Nisamehe kwa hila hii.

Barua yake ya mwisho niliisomea kiwandani, nimesimama kando ya mashine. Nilipofika pale anaposema "mtu yuleyule", nilizima mashine. Nikakaa sakafuni. Wenzangu walidhani nimeungua.

Wifi, springi haipandi. Gari huinuka pale mzigo ulio juu ya springi unapopungua. Na katika banda lenu mzigo uliobadilika ni mmoja tu, ni yule anayekaa kwenye usukani. Zile springi nilizikunja kwa hesabu ya uzito aliouandika mwenyewe, kilo themanini na moja. Nimerudia hesabu mara sita. Ili madigadi ya kulia ipande nne kisha tano, ni lazima kaka awe amepungua kilo ishirini hivi. Ishirini! Nimeuangalia mfuko wa kilo ishirini wa misumari hapa stoo, nikashindwa kuunyanyua kwa mkono mmoja.

Niambie nimekosea. Naomba kwa moyo wote niwe nimekosea hesabu. Mpime, kisha uniandikie.

Wifi yako


Tarehe 2 Septemba

Wifi,

Hukukosea.

Sijui nianzie wapi. Mimi nalala naye, naamka naye, nguo zake nafua mimi, imekuwaje mtu aliye mbali ayaone haya kwenye karatasi na mimi nisiyaone? Baada ya barua yako nilifungua kabati. Suruali zake nimehamisha vifungo mara tatu tangu mwaka uanze, kila mara nikicheka naye kwamba tumbo la lori limeondoka. Mkanda wake una matundu mawili mapya ametoboa kwa msumari. Nilipomwuliza alisema ngozi inatanuka. Nikaamini, wifi. Nikaamini kwamba ngozi inatanuka!

Ni ule ulaji wake ulionifumba macho. Mgonjwa ninayemjua mimi hukataa chakula. Huyu anakula kama mchwa. Lakini jasho linamtoka hata asubuhi ya baridi, na nikimwegemea kifua, moyo unakwenda mbio kama mtu anagonga mlango.

Juzi nilimpitisha kwa muuza nafaka jirani yetu kwa kisingizio cha kununua mchele, nikamwomba apande mizani, kwa mzaha. Macho yakamgeuka mekundu. Alisema, "Mimi si gunia." Tulipofika nyumbani akaniambia kwa sauti ndogo, "Baba aliingia hospitali kwa miguu yake akatoka kwa machela. Mizani ndiyo mlango wa hospitali."

Kwa hiyo anajua, au nusu yake inajua. Hilo ndilo lililonimaliza. Mimi hanisikii. Wewe labda, kwa maana mnaongea lugha moja ya chuma. Fanya upesi.

Wifi yako anayekupenda


Tarehe 6 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Springi zangu zimetuhumiwa, nami nataka kesi isikilizwe mbele ya tepu. Sitaki maneno mengi, fanya kipimo kimoja.

Usikae wewe. Weka kwenye kiti cha dereva mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, kilo hamsini. Juu yake weka mchanga kilo thelathini na moja, upimiwe kwa muuza nafaka. Jumla themanini na moja, yaani wewe wa mwezi wa pili. Bonyeza pua mara tatu, halafu pimeni.

Kama kweli springi ilipanda, basi kule kukata kwako kumefidia ile nafasi na gari litakaa sawa, arobaini kwa arobaini. Nitakuomba radhi mbele ya kiwanda kizima na kukukunjia nyingine. Lakini kama springi haikupanda kamwe, upande wa kulia utashuka kwa kiasi kilekile ulichokuwa ukikifukuza.

Mimi nakutajia kabla hujapima. Utashuka milimita tisa.

Kaka, umepima kila kitu kwenye banda hilo. Nyani haoni kundule. Pima.

Koili


Tarehe 13 Septemba

Koili,

Tisa.

Wifi yako alisoma. Nikamwambia sema, akaninyooshea tepu tu. Nikapiga magoti mwenyewe. Mia sita thelathini na moja. Nikapima tena, na tena, mara ya nne goti likakataa. Nikatoa mifuko, nikakaa mimi, akapima yeye. Gari sawa kabisa. Nikashuka, nikarudisha mifuko. Tisa.

Nilikaa juu ya kopo la rangi nikautazama ule mfuko wa saruji umekaa kwenye kiti changu, mnene, umetulia, na nikauonea wivu. Fikiria, mtu mzima anauonea wivu mfuko. Springi zako zilikuwa sahihi siku zote, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nakata chuma kizima ili kifanane na mgonjwa.

Nisikudanganye, mkanda niliutoboa kwa mikono hii. Nilijua, halafu nikawa sijui. Mtu anaweza kufanya yote mawili kwa siku moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimewahubiria watu msemo huo mara ngapi, na mimi nilikuwa nimejificha ndani ya gari.

Mchana nilikwenda kwa muuza nafaka, nikapanda mizani yake. Sitini. Akadhani mizani imeharibika, akaipiga teke. Sikucheka.

Naogopa, Koili. Nakuandikia wazi kwa sababu kwa mdomo siwezi. Kesho asubuhi tunakwenda hospitali.

Kaka yako


Tarehe 30 Septemba

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani, wodi ya pili, dirishani. Herufi zimepinda kwa sababu ya mikono.

Daktari ni binti wa rika la watoto wa jirani. Alinigusa shingo kwa vidole viwili, akaniambia nitoe ulimi, nitandaze mikono, akaweka karatasi juu yake ikatetemeka kama bendera. Kabla hata ya vipimo vya damu alishajua. Ni tezi ya shingoni. Inafanya kazi kupita kiasi, mwili unajila wenyewe, ndiyo maana sahani tatu zilikuwa haziendi kokote. Nikamwuliza kama ningechelewa ingekuwaje. Akasema, "Mwezi mmoja zaidi, moyo ungesimama." Alisema vile mtu anavyosema duka limefungwa. Mpaka sasa maneno hayo yananipiga upya kila ninapofumba macho. Mwezi mmoja zaidi ningekuwa bado nakata springi.

Dawa zinaweza kuitia tezi adabu. Lakini moyo umeshachoka, na kuhusu moyo hakuniahidi kitu.

Juzi ilikuwa ile siku yetu ya miaka thelathini. Wifi yako alikaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa kwenye godoro langu. Gari liko bandani.

Sasa nina oda. Leo asubuhi nimepimwa, hamsini na nane. Nikunjie jozi mpya ya mbele kwa dereva wa kilo hamsini na nane. Huyo ndiye mtu aliyepo. Na kama hatakuwepo, wifi yako ni wa uzito huohuo, ajifunze kuendesha. Sitaki aachiwe gari lililopinda.

Kaka yako


Tarehe 5 Oktoba

Kaka,

Oda yako niliifungua mbele ya wenzangu. Waliniita mara tatu sikusikia. Sijawahi kushtuka hivi, hata siku ya kifo cha Baba. Siku ya Baba hakuna aliyeniagiza nimtengenezee kifaa.

Sikunji. Ulinifundisha mwenyewe kwamba springi hukunjwa kwa mzigo unaotarajiwa, haikunjwi kwa gari lililosimama tupu gereji. Mimi natarajia kilo themanini na moja. Kwenye karatasi ya oda, pale penye uzito wa dereva, nimeandika themanini na moja kwa kalamu ya wino, na msimamizi ametia sahihi. Wifi akitaka gari, atangoja afundishwe na mumewe, na atakaa upande wa kushoto kwanza.

Zimetoka kwenye tanuru jana. Nimezipima mimi, nimezipima tena, nimezifunga kwenye magunia, zimekuja kwa basi pamoja na barua hii. Wakati wa kuzifunga, wewe usiguse kibanio. Ukigusa nitajua.

Nimekasirika na wewe, na nimelia, na sijui kipi kilitangulia.

Koili


Tarehe 22 Novemba

Mdogo wangu Koili,

Marahaba hata kabla hujaniamkia.

Nimetoka wodini wiki ya nne sasa. Springi zimefungwa. Wamezifunga mafundi wawili niliowafundisha mimi, na mimi nilikaa kwenye kiti nikiwatukana kwa upole. Kibanio sikukigusa. Walipomaliza nikaingia, nikashika usukani, wifi yako akapima. Kushoto arobaini, kulia hamsini. Wale mafundi wakatazamana. Mmoja akasema, "Mzee, tukate kidogo?" Nikamwambia akithubutu nitamkata yeye.

Basi mimi, Pima Tena, niliyewahi kumrudisha mtu na lori lake kwa sababu taa moja iko chini kwa upana wa kucha, naendesha gari lililopinda. Kila Jumanne naenda nalo kliniki, wifi yako kushoto, amejifunga kitambaa kichwani kama mwigizaji. Watoto wanatukimbilia. Mlinzi wa geti la hospitali alilizunguka lote, akasema, "Mzee, gari zuri, lakini limeinama." Nikamwambia halijainama, linanisubiri. Alicheka. Mimi nilikuwa nasema kweli.

Moyo bado wanausikiliza kila wiki, bado hawaahidi. Mikono imetulia kiasi, utaona herufi. Chakula kimepungua mpaka sahani moja na nusu, na wifi yako amefurahi kuliona ghala limejaa.

Tunapima kila Jumatatu asubuhi. Wiki ya kwanza hamsini. Ya pili hamsini. Ya tatu hamsini, na siku hiyo sikutaka kuzungumza na mtu.

Leo ni Jumatatu. Nimekaa, nimetulia. Akasoma kushoto, arobaini. Akahamia kulia, akakawia. Nikasema, "Mama, vipi?" Akajibu, "Arobaini na tisa." Nikamwambia soma tena. Akasoma tena, arobaini na tisa.

Koili, nilishtuka kuliko siku ya mifuko. Nikashika mlango nishuke nikaangalie kwa macho yangu, maana yule mama ananihurumia na mimi nazijua huruma zake. Mguu mmoja ukiwa nje nikakumbuka kwamba nikishuka tu gari linainuka, sitaona kitu. Kipimo hiki siwezi kukisoma mwenyewe hata nikiishi miaka mia.

Nikaurudisha mguu ndani, nikamwambia aandike.

Kaka yako,
Pima Tena